Mvua imewakwamisha Skipton? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaosafiri kwa boti kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool

Haya maswali yanarudi kila msimu. Watu wamekodi boti nyembamba kaskazini mwa Uingereza, wamefika Skipton, usiku mvua imeanza kupiga bati la paa, asubuhi wakichungulia dirishani kila kitu ni kijivu, na hapo ndo simu zinaanza. Nimeyakusanya pamoja na majibu yangu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama ratiba inaruhusu hata kidogo, kaeni. Kwa nini, mtaona mkiendelea kusoma.

Kwanza Skipton ni wapi, na kwa nini kila mtu wa boti anasimama hapo?

Ni mji mdogo wa soko huko North Yorkshire, kwenye mlango wa vilima vya Yorkshire Dales. Mfereji wa Leeds na Liverpool unapita katikati ya mji kabisa, yaani ukishuka kwenye boti dakika chache tu uko High Street. Mfereji wenyewe una urefu wa maili 127 hivi, kama kilomita 204, unavuka milima ya Pennine kutoka Yorkshire mpaka Lancashire, na bunge liliuidhinisha mwaka 1770 ila haukukamilika mpaka 1816, fikiria miaka 46 ya kuchimba, kuishiwa hela, kusimama kwa sababu ya vita, na kuanza tena.

Sasa kipande cha kwanza kabisa kufunguliwa ndo hiki cha Bingley mpaka Skipton, Aprili 1773. Boti mbili zilifika zimejaa makaa ya mawe yakauzwa nusu ya bei ambayo watu wa mji walikuwa wamezoea kulipa. Nusu bei! Kwa mji wa baridi vile, hiyo ni habari kubwa kuliko sherehe yoyote, na ndo maana mimi huwa nasema Skipton haikujengewa mfereji kwa ajili ya mapambo, mfereji ulileta moto majumbani.

Mvua ikinyesha sana mfereji unafungwa?

Kwa kawaida hapana. Watu wanachanganya mfereji na mto. Mto mvua ikinyesha unapanda na kukimbia, lakini mfereji umetengenezwa na binadamu, usawa wake unashikiliwa palepale, na maji yakizidi yanamwagika pembeni kwenye njia zake maalum kwenda mtoni. Kwa hiyo pale Skipton unaweza ukalala mvua inanyesha usiku kucha na asubuhi maji yamepanda kidogo tu.

Ila kuna vitu vya kuangalia. Miti huanguka ikakata njia, kingo zinaweza kubomoka, na kama mnapanga kushuka mpaka Leeds na kuendelea mbele, kule mnaingia njia nyingine ya maji, Aire and Calder, ambako sehemu zingine ni mto Aire wenyewe, na mto ukifurika milango ya mafuriko inafungwa na hamtoki. Shirika linalosimamia mifereji ni Canal & River Trust, ni shirika la hisani lililochukua kazi hii mwaka 2012 kutoka serikalini, na linatoa matangazo ya njia zilizofungwa kwenye tovuti yake. Someni kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Kila asubuhi, siyo siku ya kwanza tu.

Mbona watu wa boti wa pale wanafurahia mvua?

Swali zuri kuliko yote hapa, nitakaa nalo kidogo.

Mfereji unaovuka mlima una tatizo moja kubwa: maji yake yanashuka pande zote mbili. Kila boti ikipanda au kushuka kwenye loki (kile chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, maji yakijaa boti inapanda, yakitoka inashuka) kuna maji yanatoka juu yanakwenda chini na hayarudi. Piga hesabu mwenyewe, chumba cha urefu wa mita 19 hivi, upana zaidi ya mita 4, na kina cha kupanda mita 3, hizo ni zaidi ya lita laki mbili kwa mara moja. Boti moja inapita, laki mbili. Nyingine inakuja dakika kumi baadaye, laki mbili tena. Na yote yanatoka pale juu kwenye kilele karibu na Foulridge, mita 148 juu ya usawa wa bahari, ambako hakuna mto mkubwa wa kujaza.

Ndo maana wakajenga mabwawa vilimani, Foulridge, Barrowford, Winterburn na mengine, na hilo la Winterburn lilikamilika mwaka 1893, maji yake yanasafiri kwa bomba maili kama 9 mpaka Greenberfield, pale mfereji unapofika kileleni. Mabwawa haya yanategemea mvua tu. Agosti 2010 yalipungua mpaka wakalazimika kufunga loki kati ya Wigan na Gargrave, watu waliokuwa wamelipia likizo wakabaki upande mmoja na boti upande mwingine. Mwaka 2025 ukame ukafunga tena sehemu kubwa ya mfereji huu huu.

Kwa hiyo ukiwa umekaa ndani ya boti pale Skipton unasikiliza mvua na umekasirika, jua kwamba hayo matone yanayoangukia vilima kule juu ndo yatakayobeba boti ya mtu mwezi wa nane. Mimi hilo linanigusa sana, sijui nielezeje. Barabara inahitaji lami, reli inahitaji chuma, hii njia inahitaji mawingu.

Na kwa sababu hiyo hiyo: mkikuta boti nyingine inasubiri loki, ingieni pamoja. Loki za mfereji huu zina upana wa futi 14, boti nyembamba ni futi 7, mbili zinaingia bega kwa bega, maji yanatumika mara moja badala ya mbili na kazi ya kufungua milango mnagawana. Hata siku ya mvua. Hasa siku ya mvua, sababu mikono inakuwa mingi.

Tukaze tuondoke au tukae?

Inategemea mnaelekea wapi.

Mkielekea mashariki, Bingley, hakuna loki hata moja. Kutoka loki ya Holme Bridge pale Gargrave mpaka juu ya Bingley ni maili 17 za maji tambarare, Skipton ipo humo katikati, waliochimba walifuata mkunjo wa kilima wasitake kupanda wala kushuka. Inaonekana rahisi, ila kuna madaraja ya kuzunguka mengi sana, yale ambayo lazima mtu ashuke kwenye boti, afungue kwa ufunguo, asukume, asubiri boti ipite, afunge, apande tena. Kwenye jua hiyo ni michezo. Kwenye mvua kubwa yule anayeshuka analowa mpaka kwenye mfupa, na mshika usukani naye amesimama nje tezini, yaani nyuma ya boti, saa zote bila paa, kwa hiyo msijidanganye kwamba mmoja wenu atakuwa mkavu.

Mkielekea magharibi kuna loki za Gargrave, halafu sita za Bank Newton, halafu tatu za Greenberfield. Hapo mawe yamelowa, mbao za milango zinateleza, na upepo wa kilimani unasukuma boti pembeni. Kama mvua ni ya rasharasha nendeni. Kama inapiga na upepo upo, mi nasema kaeni, na sisemi hivyo kwa uoga, mnaendesha chuma cha tani nyingi kisicho na breki.

Mkiamua kwenda loki wakati wa mvua, tuangalie nini?

Msikimbie na msiruke. Hiyo ndo ya kwanza. Ajali nyingi za pale ni za mtu kuruka kutoka boti kwenda ukingoni au kukatiza juu ya lango akiwa na haraka. Shukeni mtu akiwa ameshika kitu, mkono mmoja kwa boti kila wakati.

Ule mpini wa chuma wa kufungulia maji usiachwe umening'inia kwenye gia yake hata sekunde, ukiponyoka unazunguka kwa nguvu na kuvunja mkono, na mikono ya maji inaponyoka kirahisi. Vaeni glavu zenye mpira kiganjani.

Mkishuka, boti ikae mbele mbali na kile kizingiti cha saruji kilicho chini ya lango la nyuma. Kimechorwa mstari mweupe pembeni. Maji yakishuka na tezi imekalia kizingiti, omo, yaani mbele ya boti, inazama inajaa maji, na boti inaweza kwenda chini ndani ya dakika chache. Mmoja abaki kwenye usukani anaangalia mstari, asiwe na simu, asiwe anatafuta kofia.

Jambo lingine ambalo mvua inaleta: pembeni ya loki kuna mkondo wa kumwaga maji ya ziada, na baada ya mvua unatoka kwa nguvu upande mmoja chini ya loki. Ukikaribia unasukumwa ghafla ukutani. Ongeza kasi kidogo ukipita mbele yake, usisitesite katikati.

Tufunge boti wapi na tunaruhusiwa siku ngapi?

Katikati ya mji kuna sehemu za wageni zenye pete na nguzo. Muda unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibao palepale, usome, sababu katikati ya mji huwa mfupi kuliko ule wa siku 14 wa maeneo ya kawaida. Kama mvua imewafungia kweli na muda unaisha, wapigieni wasimamizi waelezeni kabla, kuliko kukaa kimya.

Nje ya mji mnafunga kwa vigingi vya kugongelea chini, na hapo mvua ni jambo kubwa: udongo ukilowa kigingi kinalegea. Boti ikipita kasi inavuta yenu, kigingi kinachomoka, saa nane usiku boti imekaa mshazari katikati ya mfereji na mmelala. Pigeni viwili kwa kila kamba kwa pembe tofauti, na mkiondoka kutembea angalieni kwanza. Na nyinyi pia mkipita boti zilizofungwa punguzeni kabisa. Kasi ya juu kwenye mifereji ni maili 4 kwa saa, mkipita waliolala iwe chini ya hapo.

Ndani kumekuwa na unyevu, madirisha yanalia maji, tufanyeje?

Hiyo siyo kuvuja, ni pumzi zenu na sufuria na nguo zilizolowa. Fungueni dirisha kidogo hata kama mnaona baridi, funikeni sufuria mkipika, nguo za mvua zikae kwenye eneo la kuingilia zisiingie chumba cha kulala.

Maji yakiwa sakafuni ni habari nyingine, piga simu kwa mwenye boti. Na kila asubuhi sikilizeni pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini kabisa nyuma ya boti, baada ya usiku wa mvua ni kawaida ifanye kazi kidogo, siyo kawaida ifanye kazi muda wote.

Baridi ni kali, tunaweza kuziba matundu ya hewa tuwashe jiko?

HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa lakini hapa sina lugha nyingine. Yale matundu kwenye milango na paa yamewekwa kwa makusudi. Jiko la makaa au kuni likikosa hewa linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, mnalala na hamuamki. Tangu Aprili 2019 kanuni za usalama wa boti za Uingereza zinataka kila boti yenye malazi iwe na kengele ya gesi hiyo inayofanya kazi. Bonyezeni kitufe cha kuijaribu siku ya kwanza. Ikilia usiku tokeni wote nje, mvua au siyo mvua, ndo mpige simu.

Jiko lenyewe likiwashwa vizuri na matundu wazi linatosha kabisa, lina joto zuri kuliko hita yoyote.

Betri zitakwisha tukikaa siku nzima bila kusafiri?

Zinaweza. Paneli za jua kwenye wingu zito hazileti kitu cha maana. Washeni injini kwa masaa machache mchana boti ikiwa imefungwa palepale, inachaji na inapasha maji ya kuoga. Ila siyo kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi, hiyo ni kanuni, na jirani yako yuko mita moja kutoka kichwani mwako. Friji ndo mlaji mkubwa, msilifungue fungue.

Mvua haikatiki, tufanye nini mjini?

Anzeni na ngome. Skipton Castle iko juu kabisa ya High Street, mwanzo wake ni karibu mwaka 1090 enzi za Wanormani, na familia ya Clifford waliipata mwaka 1310. Kinachoifanya ifae siku ya mvua ni kwamba bado ina paa lote. Ngome nyingi za Uingereza ni magofu, unalipa uingie ulowe, hii unatembea jikoni, kwenye ukumbi, kwenye vyumba vya chini, mkavu.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ngome hii ilikuwa upande wa mfalme, ikazingirwa miaka mitatu mpaka iliposalimu amri Desemba 1645, ya mwisho kaskazini kuanguka. Baadaye Cromwell, kiongozi wa upande wa bunge, akaamuru paa liondolewe. Aliyelirudisha ni Lady Anne Clifford, na huyu mama ukisikia habari zake utakaa chini. Alizaliwa humo humo mwaka 1590, baba yake alipofariki 1605 akaacha mali kwa mdogo wake wa kiume badala ya binti yake, na Anne akapigania urithi wake karibu miaka 40, mbele ya mahakama, mbele ya waume zake, mbele ya mfalme mwenyewe, hakukubali. Alipoupata, 1643, nchi iko vitani na ngome inakaribia kubomolewa. Akajenga upya. Ule mti wa myuu katikati ya ua wa ndani unahusishwa naye, ulipandwa 1659, na upo mpaka leo. Simameni chini yake hata mvua ikinyesha, matawi yanazuia kiasi.

Ukitoka ngomeni kanisa la Holy Trinity liko jirani, lina kaburi la George Clifford, huyo baba mwenyewe.

Watu wanataja Springs Branch, ni nini?

Ni tawi fupi la mfereji, chini ya nusu maili, linaingia nyuma ya ngome kwenye korongo jembamba. Lilichimbwa karne ya 18 kwa ajili ya Earl wa Thanet aliyekuwa mwenye ngome, alikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa na alitaka yafike kwenye boti. Mawe yalishushwa kutoka juu ya mwamba kwa mteremko moja kwa moja mpaka ndani ya boti, fikiria kelele yake na mabibi wa ngome wamelala juu.

Msiingie na boti ndefu, hamtaweza kugeuza, mtarudi kinyumenyume njia nzima. Tembeeni kwa miguu. Na kwa maoni yangu siku ya mvua ndo siku yake: kijito cha Eller Beck kinakimbia chini upande mmoja kimejaa, maji ya mfereji yametulia upande wa pili, wewe uko katikati kwenye njia nyembamba na ukuta wa ngome umesimama juu yako. Maji mawili yanakwenda pamoja, moja pori, moja limefundishwa. Vaeni gambuti, panateleza.

Makumbusho je?

Craven Museum, ndani ya ukumbi wa mji, Town Hall, High Street. Dogo lakini limepangwa vizuri, lina nakala ya mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare uliochapishwa 1623, kitu ambacho watu wengi wanadhani lazima uende London kukiona. Lisaa limoja au mawili yanaisha hapo.

Soko linakuwepo mvua ikinyesha?

Ndiyo, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, meza zinapangwa kando ya High Street chini ya maturubai. Mji una haki ya soko tangu mwaka 1204. Siku ya mvua wauzaji wanapungua ila waliopo wana muda wa kuongea, na ndo wakati mzuri wa kuuliza jibini gani ni ya Wensleydale halisi na ya umri gani.

Chakula?

Skipton inasifika kwa pai za nyama ya nguruwe, kwa anayekula. Kwa asiyekula, samaki na chipsi ndo jibu la kila mvua, lakini ulizeni kwanza wanakaangia nini: Yorkshire wengi wanakaangia mafuta ya ng'ombe, siyo ya mimea, kwa hiyo kwa anayefuata halali au asiyekula nyama hilo swali ni la lazima. Hawatashangaa, wanaulizwa.

Jazeni stoo mkiwa hapa. Mbele ya Gargrave maduka yanakuwa ya shida, kwenye mvua hutaki kutembea maili mbili kutafuta mkate.

Tuna watoto, watachoka ndani.

Karata, jiko, na kutoka mara mbili kwa siku mvua iwe vipi. Watoto wavae jaketi la kuokolea wakiwa nje ya boti au juu yake, kila mara, kina cha mfereji siyo kirefu lakini maji ni ya baridi na kingo ni za kuteleza. Ngome inawafaa sana, kuna ngazi na vyumba vya kujificha. Na wasimulieni kuhusu ng'ombe.

Ng'ombe gani?

Mwaka 1912 pale Foulridge, juu kileleni, ng'ombe aitwaye Buttercup alitumbukia kwenye mfereji karibu na mlango wa handaki. Badala ya kugeuka akaogelea ndani ya handaki lote, gizani, mita 1,500, akatokea upande wa pili. Watu wakamvuta nje na kumpa brandi mpaka akasimama tena. Handaki hilo lilifunguliwa 1796, halina njia ya farasi ndani, kwa hiyo zamani farasi walipitishwa juu ya kilima na mabaharia walilala chali wakasukuma ukuta kwa miguu. Mkiendelea magharibi mtapita humo wenyewe, kwa taa, na watoto watakuwa wanamtafuta Buttercup njia nzima.

Tunaweza kuacha boti tupande treni?

Mnaweza na mi napenda sana wazo hili. Stesheni iko karibu na mfereji. Mna njia mbili nzuri.

Ya kwanza ni kwenda Bingley, safari fupi, mtembee mpaka Five Rise. Ni loki tano zimeunganishwa, mlango wa chini wa moja ndo mlango wa juu wa inayofuata, zinapandisha boti mita 18 hivi. Zilifunguliwa Machi 1774 na watu 30,000 walikuja kuangalia. Siku ya mvua mnasimama na mwavuli mnaona kazi yote bila kuifanya, na mkiwa na mpango wa kupita na boti baadaye mtakuwa mmeshaelewa kwamba pale mnamfuata mlinzi wa loki neno kwa neno, mkikosea mpangilio mnaacha chumba kimoja kikavu na kingine kinafurika.

Ya pili ni reli ya Settle kwenda Carlisle, abiria walianza 1876. Inapita daraja la Ribblehead lenye matao 24. Mawingu yakishuka hamtaona matao vizuri, lakini vilima vikiwa vimelowa vina rangi ambayo jua haitoi.

Kabla ya kuacha boti: gesi imefungwa, kamba zimekaguliwa, jiko limefifia, milango na vidirisha vimefungwa kwa kufuli.

Boti ya kukodi lazima irudi Jumamosi, mvua imekula siku yetu, tutachelewa?

Pigeni simu kwa waliowakodisha leo, siyo Ijumaa jioni. Wanajua mfereji, watawaambia mgeuze wapi, na wanapenda zaidi mteja aliyegeuza mapema kuliko aliyeendesha usiku kwenye mvua. Boti za kukodi haziruhusiwi kusafiri giza likiingia hata hivyo. Hesabu za haraka: mwendo wa kawaida ni maili 3 kwa saa, na kwenye loki hesabu kila loki ni kama maili moja ya ziada. Mkigeuza, kumbukeni boti ndefu inageuka kwenye sehemu pana tu, na hizo ziko kwenye ramani.

Mvua imekatika! Tuondoke saa hiyo hiyo?

Subirini kidogo. Someni matangazo tena, angalieni kingo na mtazame maji yanayopita: matawi, majani, mifuko, vyote vimesombwa na vitazunguka propela yenu ndani ya saa moja ya kwanza. Mkihisi injini inatetemeka au boti haina nguvu, sogeeni ukingoni, zimeni injini, TOENI UFUNGUO na aliye na mikono ndani ya maji akae nao mfukoni mwake, ndo mfungue kile kifuniko cha nyuma kilicho juu ya propela na kukata takataka kwa kisu. Mkimaliza, kifuniko kirudi mahali pake na kikazwe mpaka mwisho, mwingine akague kwa mkono kabla ya kuwasha, maana kikibaki kimelegea propela inarusha maji ndani ya boti na boti zimezama kwa njia hiyo.